Matanuri ya Kemondo na Majirani Zake Waliopotea

Mwaka 1976, upande wa Bukoba kandokando ya Ziwa Viktoria, wazee wa Kihaya waliombwa wafanye kazi waliyoiacha ujanani. Walitakiwa kutoa chuma kwenye mawe kama walivyofanya baba zao, kwa udongo, mkaa, majani na mivukuto, bila kununua kitu dukani. Nusu karne au zaidi ilikuwa imepita tangu matanuri ya mwisho ya eneo lile kuzimwa, na aliyekuwa kijana wakati huo sasa alikuwa mzee mwenye mkongojo.

Wazee wakachimba shimo, wakalisiriba ndani kwa udongo wa kichuguu. Hawakuuchagua udongo huo kwa bahati. Udongo wa mchwa huvumilia moto mkali pale udongo mwingine unapopasuka au kuyeyuka. Kisha wakajaza shimo matete ya kinamasi na kuyachoma hadi yakawa meusi, bila kuyaacha yawe majivu. Juu ya shimo wakapandisha ukuta wa tanuri, kama mita moja na nusu kwenda juu, wakitumia udongo wa kichuguu pamoja na mavi ya chuma ya zamani, yaani yale makapi meusi mazito yanayobaki chuma kikishatoka. Mawe yenyewe yalikuwa yameshachomwa kwanza juu ya magogo. Hapo ndipo yakaja mabomba ya udongo, manane, yakasukumwa kuzunguka kitako cha tanuri, kila moja likipokea pumzi ya mvukuto wa gogo lililochongwa na kuwambwa ngozi ya mbuzi.

Mabomba hayo hayakuishia ukutani. Yaliingia hadi ndani ya moto. Ugomvi wote wa wasomi uliofuata umetokana na jambo hilo, na bado haujaisha.

Waliosimama pembeni na daftari walikuwa Peter Schmidt, mwanaakiolojia, na Donald Avery, mtaalamu wa metali, wote wa Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani. Avery alikuwa amekuja na vipimajoto. Mbele ya midomo ya mabomba alipata joto linalozidi nyuzi 1,800 za Selsiasi. Ili msomaji aone uzito wa namba hiyo, chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na matanuri mengi ya kale duniani yalifanya kazi chini sana ya hapo. Yaliyeyusha uchafu tu, uchafu ukatiririka chini, chuma kikabaki kama bonge lenye matundu linalohitaji kupondwapondwa kwa nyundo hadi lishikane. Bonge lililotoka kwenye tanuri la Wahaya lilikuwa na sehemu kubwa ya chuma cha pua, chuma ambacho mkaa umeingia ndani yake kwa kiasi na kukipa ugumu. Yale matete yaliyochomwa nusunusu yalikuwa na kazi yake hapo, maana mkaa wake laini hupenya kila mahali chuma kinapodondokea.

Maelezo ya Avery na Schmidt yalikuwa haya. Hewa baridi ikipita ndani ya bomba lililozungukwa na moto, hufika kwenye makaa ikiwa tayari ya moto, na makaa hayapotezi nguvu kuipasha. Kwa maneno mengine, Wahaya walikuwa wanapasha hewa kabla ya kuipuliza. Katika vitabu vya viwanda, mbinu ya namna hiyo ina mwenyewe na ina tarehe: James Beaumont Neilson, Glasgow, hataza ya mwaka 1828.

Kama jambo lingekoma kwa wazee wa mwaka 1976, mtu angeweza kusema wameiona mahali, labda kwa mmisionari au kwa Mjerumani. Lakini kwenye Ghuba ya Kemondo, kusini kidogo ya mji wa Bukoba, wachimbaji walifukua mabaki ya matanuri 13 ya kale. Walikuta mashimo, mavi ya chuma, alama za matete ndani ya makapi, na vipande vya mabomba vyenye dalili za kukaa ndani ya moto. Umri wake ulikadiriwa kati ya miaka 1,500 na 2,000. Mjerumani wa kwanza alikuwa bado hajazaliwa, wala Ujerumani yenyewe.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwezi Septemba 1978. Magazeti ya Marekani yakaipokea habari kwa mshangao mkubwa: chuma cha pua, Afrika, zama za Warumi! Hapa kwetu Tanzania haikupata nafasi ya kusherehekewa. Wiki chache baadaye majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, na jina la Kagera, ambao leo ndio mkoa wa Bukoba, likaanza kumaanisha vita.

Mshangao ule una historia yake, na si nzuri. Kila kitu cha Afrika kilichoonekana kuzidi kimo walichopimiwa Waafrika kilitafutiwa baba mwingine. Mwaka 1871 mtafiti wa Kijerumani Carl Mauch alifika kwenye kuta za mawe za Great Zimbabwe. Alikata kipande cha mti kwenye boriti ya mlango, akakilinganisha na penseli yake, akaona rangi na harufu vinafanana. Penseli ilikuwa ya mwerezi, basi na boriti ni mwerezi, mwerezi hutoka Lebanoni, kwa hiyo jengo ni la Malkia wa Sheba. Hoja nzima ilisimama juu ya penseli moja. Ilipofika mwaka 1929 mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alikwisha kuchimba na kutangaza bila kumung'unya maneno kwamba kuta zilijengwa na Waafrika, lakini serikali ya walowezi wa Rhodesia iliendelea kuwabana waliosema hivyo hadharani hadi miaka ya 1970. Mjerumani mwingine, Leo Frobenius, alipoviona vichwa vya sanamu vya Ife, Nigeria ya sasa, mwaka 1910, hakuweza kukubali kwamba ni kazi ya mababu wa Wayoruba. Akaona ni heri avikabidhi kwa Atlantis, nchi ambayo haijawahi kuonekana.

Matanuri ya Kemondo yaliepuka balaa hilo kwa sababu wajukuu wa mafundi walikuwa hai na waliweza kuirudia kazi mbele ya macho ya watu. Penseli haikupata nafasi.

Yalipata balaa jingine. Kila baada ya muda, katika hotuba au vijitabu, tunasoma kwamba Wahaya walivumbua chuma cha pua miaka 2,000 kabla ya Wazungu. Hapana. Wahindi walikuwa na chuma cha pua kilichosifika kabla ya Kristo, na Warumi walikisifia kile cha Noricum, iliyo Austria ya leo. Bonge la chuma la tanuri lolote la kale lingeweza kuwa na mishipa ya chuma cha pua ndani yake. Tofauti ya Kemondo ni namna ya kukipata na kiasi chake, na hayo ndiyo yanayobishaniwa. Mwaka 1986 mtaalamu wa metali J. E. Rehder alipiga hesabu akasema hewa haikai ndani ya bomba muda wa kutosha kupata moto wa maana. David Killick, ambaye amechunguza vyuma vya kale vya Afrika kuliko watu wengi, alitahadharisha mwaka 1996 dhidi ya madai makubwa ya namna hii kwa jumla. Schmidt na Avery hawakukubali, wakajibu kwa vipimo vyao.

Mimi naona ubishi huu ni heshima. Watu hawapigi hesabu za joto juu ya kitu wanachokidharau. Na hata Rehder akiwa sahihi kabisa, hata bomba likiwa limeipasha hewa kidogo tu, bado tuna tanuri linalofika nyuzi 1,800 kwa pumzi za mikono ya watu, udongo wa mchwa na majani ya kinamasi. Hapo hakuna cha kuongezewa chumvi.

Linalonisumbua zaidi ni hili neno la kwamba kitu "hakiendani na zama zake". Nani anayezijua hizo zama? Tukisema tanuri la Kemondo limewahi mno, tumeshachukua saa ya Glasgow na kuitundika ukutani Bukoba. Ila saa ya Glasgow ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni kwamba kitu kimoja kimesalia na vyote vilivyokizunguka vimekwenda, kwa hiyo tunakiona kimesimama peke yake na kudhani kilizaliwa peke yake.

Mfano mashuhuri kuliko yote hauko Afrika. Mwaka 1900 wazamiaji wa sifongo kutoka kisiwa cha Symi walijikinga na tufani karibu na kisiwa kidogo cha Antikythera, Ugiriki. Mmoja wao, Elias Stadiatis, akazama na kurudi juu akiweweseka juu ya maiti na farasi waliojazana chini ya bahari. Zilikuwa sanamu. Meli iliyozibeba ilikuwa imezama katika karne ya kwanza K.K. Kati ya vitu vilivyopandishwa kulikuwa na donge la shaba lililooza, na mwezi Mei 1902 Valerios Stais aliona ndani yake gurudumu lenye meno. Ilichukua zaidi ya miaka 100, picha za eksirei, na mwaka 2005 mashine yenye uzito wa tani 8 iliyoletwa hadi makumbusho ya Athens, kulifahamu donge lile vizuri. Lina magurudumu 30 yaliyosalia. Moja kati ya makubwa lilikuwa na meno 223, idadi ya miezi ambayo baada yake kupatwa kwa jua na mwezi hurudia mpangilio wake. Mwenye kuzungusha kishikio aliona jua na mwezi vikitembea, akajua lini vitapatwa, hata zamu ya michezo ya Olimpiki ilikuwa na sahani yake. Meno madogo ya shaba yenye ustadi wa kiwango hicho hayakuonekana tena Ulaya kwa zaidi ya miaka 1,000.

Basi wakajitokeza waliosema ni kazi ya viumbe wa sayari nyingine. Lakini Cicero, aliyeishi karne ileile meli ilipozama, aliandika wazi kuhusu tufe la Archimedes lililoonyesha mwendo wa jua, mwezi na sayari, na lingine la rafiki yake Posidonius. Mashine zilikuwepo. Zilikwenda wapi? Shaba ni mali. Kifaa kilichoharibika kilitupwa kalibuni kikawa sufuria, sarafu au kengele. Tunayo mashine moja ya Antikythera kwa sababu ilikuwa chini ya bahari, mahali ambapo fundi wa vyuma chakavu hafiki.

Turudi Kemondo na kuuliza swali lilelile: majirani wa matanuri haya ni akina nani, na wamekwenda wapi?

Majirani wa karibu kabisa ni wafinyanzi wa vyungu viitwavyo Urewe, jina lililotokana na mahali huko Siaya, Kenya. Vyungu hivyo vyenye kibonyeo kitakoni vimepatikana Kagera, Rwanda, Burundi, Uganda na pande za Nyanza, na mara nyingi palipo navyo pana mavi ya chuma. Kwa hiyo tanuri la Kemondo halikuwa kisiwa. Lilikuwa sehemu ya nchi nzima ya wafua vyuma iliyolizunguka ziwa upande wa magharibi. Mbali kidogo na baadaye sana, Wafipa wa Rukwa walijenga malungu, matanuri marefu kumpita mtu, yasiyohitaji mivukuto kabisa. Yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, kisha chuma kilichotoka kikasafishwa kwenye tanuri dogo lenye mivukuto. Upareni ukoo wa Washana ulishika moto na nyundo, na Wachaga wakala matunda yake kwa kununua chuma huko. Pwani nako hakukulala. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia huko Sisilia mwaka 1154, aliitaja Malindi kuwa na machimbo ya chuma, na akasema wafanyabiashara walipeleka chuma cha Sofala hadi India. Yaani India hiyohiyo iliyosifika kwa panga zake ilinunua malighafi ukanda wetu wa bahari.

Ukiwapanga wote hao mstari mmoja, tanuri la Wahaya halishangazi tena kwa sababu ya kuwepo. Linashangaza kama kazi yoyote ya fundi hodari inavyoshangaza, akiwa miongoni mwa mafundi wenzake.

Kufutika kwa majirani kuna sababu za kawaida kabisa. Chuma huoza. Kagera ni nchi ya mvua, udongo wake mzito na wenye tindikali, jembe likiachwa shambani miaka mingi haliachi hata kutu ya kueleweka. Kinachobaki ni makapi, jambo la kuchekesha kidogo: wanaakiolojia wanawafahamu wahunzi wa kale kwa mavi ya chuma zaidi kuliko kwa chuma.

Halafu kuna miti. Mkaa wa kuyeyushia chuma hula msitu vibaya sana. Utafiti wa Schmidt na wenzake unaonyesha kwamba wahunzi wa Kemondo walianza kwenye msitu mzuri, lakini karne zilivyosonga aina za miti katika mkaa wao zilibadilika na msitu ukapungua, hadi kufikia kama mwaka 600 B.K. shughuli za eneo lile zikawa zimenywea. Ustadi uliofika nyuzi 1,800 ulikuwa na bili yake, na waliokuja baadaye ndio waliolipa. Nalitaja hili kwa makusudi, maana tukiwasifu mababu kwa kila kitu tunawanyima hata haki ya kukosea.

Kilichoyazima matanuri moja kwa moja ni bei. Chuma cha Ulaya kilipoanza kumwagika kwenye masoko ya nchi, na baadaye vyuma chakavu vya reli na magari, hapakuwa na sababu ya kukata miti, kuchoma mkaa, kuchimba mawe na kukesha na mivukuto ili kupata jembe ambalo dukani linapatikana kwa fedha kidogo. Wahunzi hawakutoweka, waliacha kuyeyusha, wakaendelea kufua. Mpaka leo ukipita kwenye magulio utamkuta mtu akifua panga kutokana na springi ya lori. Nusu ya pili ya ufundi imo mkononi mwake. Nusu ya kwanza, ile ya kutoa chuma kwenye jiwe, ndiyo iliyokatika.

Na pamoja nayo ulikatika ulimwengu mzima wa maana. Kwa Wahaya, kama kwa wayeyushaji wengi wa Afrika, tanuri lilikuwa mwanamke na kazi ilikuwa uzazi. Wayeyushaji hawakukutana na wake zao siku za kazi. Nyimbo zilizoimbwa kwenye mivukuto hazikuwa za kuimbwa mbele ya mama mkwe. Chini kabisa ya shimo, kabla ya moto, zilifukiwa dawa za kulinda mimba ya chuma isiharibike. Wachimbaji walipofika kitako cha matanuri ya kale ya Kemondo walikuta vishimo vidogo vya namna hiyohiyo.

Mahali ambapo kumbukumbu hiyo ilishikamana zaidi na ardhi ni Katuruka, huko Maruku. Masimulizi ya wenyeji yanamtaja mfalme Rugomora Mahe, aliyetawala karne ya 17, kwamba aliamuru ujengwe mnara wa chuma wa kufika mbinguni, nao ukaanguka. Palikuwa na mti mtakatifu ulioitwa Kaiija, na wazee waliuhusisha na kazi ya mhunzi wa mfalme. Schmidt alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1960, akawasikiliza wazee, akachimba pale walipomwonyesha. Alikuta mabaki ya ufuaji chuma kweli, lakini hayakuwa ya karne ya 17. Baadhi ya vipimo vya kaboni vilirudi nyuma hadi karne kadhaa kabla ya Kristo, tarehe ambazo wataalamu wengine hadi leo wanaona zimewahi mno.

Tafsiri ya Schmidt inavutia. Wafalme wa ukoo wa Bahinda walipoingia, walipakuta pahali hapo panaheshimiwa tayari, wakapachukua, na jina la mfalme likafunika majina ya wahunzi waliomtangulia kwa miaka 2,000 au zaidi. Watu walisahau ni nani waliofua chuma pale. Hawakusahau kwamba palifuliwa chuma, wala ni hatua ngapi kutoka kwenye mti. Sioni maktaba nyingi zinazoweza kujisifu hivyo.

Mti wa Kaiija haupo tena, ulikatwa. Na wengi wa wazee waliozungumza na Schmidt hawapo pia. Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983, na ugonjwa ule ulipokata kizazi cha kati ulikata pia mkono ambao ungepokea masimulizi kutoka kwa wazee na kuyapitisha kwa watoto. Mwaka 2008 wanakijiji wa Katuruka wenyewe waliamua kuirudisha historia yao, wakamwita tena yule mtafiti, safari hii wao wakiwa ndio wenye kazi na yeye msaidizi. Wakaanza kupita kwa waliobaki, kuuliza na kurekodi. Waliobaki wengi walikuwa bibi vizee. Wanawake hawakuruhusiwa kulikaribia tanuri wakiwa hedhini, na mwaka 1969 hakuna aliyewafuata na daftari, maana historia ilidhaniwa kuwa mali ya wanaume. Schmidt mwenyewe ameandika kwamba hilo lilikuwa pengo. Bibi hao walikuwa na mambo mengi ya kusema kuhusu Rugomora Mahe na matambiko ya mahali pale, na baadhi yake hayamo katika simulizi lolote lililokusanywa miaka 40 kabla.